Ukuta wa Talaka

"Usiguse hapo, Fermín."

"Sijagusa, afande. Nimeegemea tu."

"Basi usiegemee."

Sajini Fermín, aliyebakiza miezi minne astaafu, alijibandua ukutani akajipangusa vumbi la chokaa tumboni. Luteni Zoraida Batet alikuwa amechuchumaa katikati ya chumba, sketi ameifumbata magotini, akitazama barbakoa iliyoanguka. Nusu ya nyumba za Havana ya kati zina barbakoa, lile dari la kulalia ambalo watu hulipachika ndani ya vyumba virefu ili chumba kimoja kiwe viwili. Hii ilikuwa bado mpya, mbao zinanukia. Upande wa barabarani ilikuwa ingali imeshika boriti yake. Upande wa pili ilikuwa imelala chini, juu ya mapazia ya rangi ya maziwa yenye damu iliyokauka.

Mapazia yale yalikuwa begani mwa Yanisley, binti pekee wa nyumba, jana Ijumaa saa nne na robo asubuhi. Alipanda ngazi ili ayatundike, akatembea hatua tatu. Sasa alikuwa hospitali amefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, ana miaka ishirini na tatu, na madaktari hawajasema kama atatembea tena.

Mhandisi wa majengo alikwisha kuja na kuondoka, na ripoti yake ilikuwa na mistari mitano tu. Alisema ni uzembe wa msanifu, boliti zimechomoka ukutani. Ikifika saa kumi jioni bila neno jingine, msanifu angelala mahabusu, na mlango wa Nereida ungepigwa lakiri.

Nereida Zaldívar, mama wa Yanisley na mwenye nyumba, alisimama karibu na dirisha. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini midomo ameipaka rangi nyekundu vizuri kabisa, na alipoona Zoraida anaitazama alisema, "Nimepaka kwa ajili ya majirani. Wasinione nilivyo."

Msanifu, Leandro Pupo, aliketi juu ya mfuko wa saruji, penseli bado sikioni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mzuri wa sura, wa aina ambayo wanaume wengine hawaisamehe.

"Nieleze," Zoraida alimwambia. "Hii ilikuwa iwe nini?"

"Nyumba ya kupangisha, afande, ila inayobadilika. Chumba kina mita tano kwenda juu, na watu wanaishi mita mbili za chini." Alinyoosha mkono kwenye mbao ndefu zilizoning'inia kwenye reli. "Kuta hizi zinasukumwa. Akija mpangaji mmoja unampa kipande. Ikija familia unasukuma, wanapata sebule. Akija fundi cherehani anayetaka pa kazi na pa kulala, kitanda kinakwenda juu, chini anaweka mashine yake."

"Na wote wakiondoka," Nereida alidakia, "nazirudisha kuta zangu, nyumba inakuwa yangu tena. Miaka yote hii nilikuwa nalala kwenye ghala."

Aliposema hivyo alimtazama Leandro, na Leandro akatazama sakafu. Fermín alikohoa. Zoraida alikuwa amekwisha kuona.

Aliokota boliti mbili kutoka kwenye chuma cha pembe kilichokuwa kimebeba ubavu ulioanguka. Zilikuwa ndefu kuliko kiganja chake. Alizizungusha penye mwanga wa dirisha. Zilikuwa zimenyooka, wala mikato yake ya skrubu haikuliwa hata uzi mmoja, na ncha zake ziliteleza kwa mafuta. Boliti inayochomoka ukutani kwa nguvu hujikunja, ikatoka na matofali. Hizi zilikuwa zimetoka kama kidole kinavyotoka kwenye pete iliyolegea.

Alizifunga kwenye gazeti.

"Nani hakuipenda kazi hii?" aliuliza.

"Heri uulize nani aliipenda." Nereida alisonta kidole nje ya dirisha, kwenye baraza ya ng'ambo iliyojaa vyungu vya maua. "Anza na yule pale. Alhamisi kaja hapa kagusa kila kitu, hata misumari."

*

Migdalia Ferrer aliwapokea mlangoni, kahawa mkononi, goti moja limefungwa bendeji. Alikuwa na miaka sitini na vyumba vitatu vya kupangisha, na kwa miaka tisa mtaa ule haukuwa na mwingine wa kushindana naye.

"Wivu ninao, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Andika. Tena andika kwa herufi kubwa."

"Wivu wa nini?"

"Wa kuta! Wapangaji wangu wamekaa hapa vizuri, mara naanza kusikia, 'Mama Migdalia, eti kwako kuta hazisogei?' Nikawaambia kwangu kinachosogea ni mlango wa kutokea. Wawili wakautumia."

Fermín alicheka. Zoraida hakucheka.

"Alhamisi ulipanda ile barbakoa?"

"Nilipanda vidato viwili. Goti likanikatalia, nikashuka kwa makalio mbele ya yule kijana mwenye penseli. Aibu tupu. Muulize." Alilipiga goti lake lile kofi dogo. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikimwonea mtu wivu, mtaa mzima unajua kabla ya chakula cha mchana. Namtukana Nereida kutoka baraza hii, naye ananitukana kutoka ile, jioni anakuja kuniomba sukari. Jana mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika."

"Basi kuna mwingine asiyetukana?"

Migdalia alitia kahawa kinywani, akaizungusha, akaimeza.

"Kila siku Leandro akifika, yuko mtu anasimama kwenye ujia wa pembeni, na kitambaa mkononi, anafuta spana moja ile ile. Anafuta mpaka Leandro aingie. Miezi mitatu sasa, sijamsikia akisema hata 'habari za asubuhi'."

"Nani?"

"Mumewe Nereida. Aliyekuwa mumewe. Hamjaenda kwake? Si anaishi mle mle?"

*

Miaka kumi na moja iliyopita Nereida na Ovidio Carmenate walipeana talaka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pa kwenda, walijenga ukuta wa matofali katikati ya nyumba. Mke akabaki na upande wa barabara wenye dirisha na jua, mume akabaki na upande wa uani wenye jiko na kiza. Binti akapewa funguo mbili. Hakuna aliyeona ajabu. Mtaani mle mlikuwa na kuta za namna hiyo saba.

"Ndoa katika mji huu huvunjika upesi," Fermín alisema wakivuka barabara. "Matofali ndiyo huchelewa kupatikana."

Zoraida alirudi moja kwa moja kwa Leandro, akamfungulia gazeti lenye boliti.

"Nati zake ziko wapi?"

"Nati?"

"Boliti ina kichwa na ina nati. Kichwa nimekiona. Nimechungua kifusi chote na Fermín amechungua tena baada yangu. Nati hakuna."

"Haziwezi kuwa huku, afande. Ukuta huu ni mwembamba, tofali moja tu. Ukipigilia boliti ndani yake itaachia. Kwa hiyo nilitoboa mpaka ng'ambo, nikaweka kibati na nati kwa nje, nikazikaza kwa nguvu zangu zote. Uzito wa tani moja usingezing'oa."

"Kwa nje wapi?"

Leandro aliutazama ukuta. Inaonekana ndiyo mara ya kwanza alipolifikiria jambo lile hadi mwisho.

"Kwa Ovidio," Nereida alisema.

"Mlimwomba ruhusa?"

"Nimwombe ruhusa? Ningeanza na ruhusa hiyo, kesho ningemwomba ya kupumua. Alikwenda Matanzas kumzika shangazi yake. Yanisley akatufungulia. Kazi ya saa moja. Nati mbili nyuma ya kabati, nani angeziona?"

Zoraida alimtazama mwanamke yule mwenye midomo myekundu. Nereida aliunda nyumba ya kumtoa kabisa mikononi mwa mume wa zamani, kisha akaitundika yote kwenye nati mbili zilizoachwa chumbani kwake. Zoraida alitaka kumwambia hivyo, lakini akamwonea huruma.

*

Ovidio alifungua mlango wa ujiani kabla hawajabisha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, fundi wa majokofu, mtu aliyechana nywele kwa maji. Chumba chake kilikuwa safi kupita kiasi. Spana zilitundikwa ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, na juu ya meza palikuwa na mkate wa jana ambao haujakatwa.

"Mmekuja kumkamata yule mchoraji?" aliuliza. "Mwanangu amelala kitandani hana miguu, naye amekaa pale anafarijiwa."

"Tusaidie kusogeza kabati hili," Zoraida alisema.

"La nini?"

"Fermín, shika upande ule."

Haikuhitaji nguvu. Kabati liliteleza, maana lilikwisha kusogezwa hivi karibuni, na vigae vya chini vilikuwa na mikwaruzo miwili mipya, myeupe. Nyuma yake ukutani palikuwa na matundu mawili. Mwanga wa chumba cha Nereida ulipita humo, na sauti pia. Walimsikia akipenga kamasi.

"Mnaona?" Ovidio alisema upesi. "Wametoboa nyumba yangu! Wakaacha matundu hivi hivi, hawakuweka chochote. Ndiyo maana ikaanguka."

Zoraida alipitisha kidole kuzunguka tundu la kwanza, kisha la pili. Lipu ilikuwa imebonyea, duara kamili, pana kama chini ya kikombe cha kahawa.

"Hapa palikuwa na kibati. Kilikazwa mpaka lipu ikakubali. Hapa pia." Aligeuka. "Jana asubuhi ulikuwa wapi, Bwana Carmenate?"

"Foleni ya mkate. Tangu saa mbili na nusu mpaka saa nne na nusu. Waulize watu. Ndiko nilikosikia kishindo."

"Mbele yako alikuwa nani?"

"Eloína, mwenye duka la vifungo. Yuko hapo kwenye kona."

"Nyuma?"

"Tomasa. Mwembamba hivi. Ana mbwa."

Alijibu vizuri, bila kusitasita. Zoraida aliandika yote, akamwacha Fermín mlangoni.

*

Duka la mkate lilikuwa hatua hamsini kutoka nyumbani. Alizihesabu. Eloína hakumsaidia.

"Ovidio? Alikuja akauliza nani wa mwisho, nikasema mimi. Basi. Saa tatu nilichoka, nikamwachia dada yangu nafasi, nikaenda kufungua duka. Hakukwambia kuhusu dada yangu?"

"Hakunitajia."

"Basi hakumwona. Na dada yangu huwezi kumkosa, ana kilo mia na kumi."

Hapa hakuna anayesimama foleni kwa saa mbili. Mtu huuliza wa mwisho ni nani, anahakikisha wa nyuma yake amemwona uso, kisha anakwenda zake kufua, kupika, hata kulala. Nafasi yake inamngoja. Zoraida alijua hilo tangu mwanzo. Alichotaka kukijua ni saa.

Tomasa alikuwa kizingitini, mbwa mapajani, akimchambua kupe.

"Akaniambia, 'Dada, nishikie, narudi sasa hivi.' Hiyo ni saa mbili na nusu. Karudi saa nne kasoro dakika tano, anapumua kama kapanda ghorofa, mikono inang'aa mafuta. Nikamwambia, 'Wee, na mikono hiyo usinishikie mkate.' Akajipangusa suruali."

"Kisha akakaa?"

"Akakaa. Mpaka nilishangaa, maana kwa kawaida hatulii. Hata binti yake alipopita alibaki pale pale."

Zoraida alishusha kalamu.

"Yanisley alipita foleni?"

"Si alikuwa anatoka kwa mshonaji na mapazia yake? Mzuri, kama bibi arusi. Akamsalimu baba'ke. Na Ovidio akamshika mkono, hivi, akawa hamwachii. 'Kaa hapa unishikie foleni.' Binti akacheka. 'Baba, na mapazia haya nikae juani?' Akambusu, akaenda." Tomasa alimbonyeza kupe kwa kucha. "Nikamwambia Ovidio, 'Mwache mtoto, amekuwa mkubwa.' Alikuwa mweupe kama unga."

*

Ilikuwa saa saba mchana aliporudi. Ovidio alikuwa ameketi mbele ya ule mkate. Fermín alisimama dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha.

"Nati ziko kwenye kopo la misumari, afande," alisema. "Ameniambia mwenyewe. Sikumwuliza."

Zoraida alivuta kiti, akaketi.

"Leandro anasema kazi hukaguliwa kila Ijumaa saa nne. Nani hupanda kwanza?"

"Yeye," Ovidio alisema. "Mchoraji."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka avunjike. Mguu. Au huo uso." Alisema polepole, hakupaza sauti. "Luteni, miaka kumi na moja namsikia yule mwanamke nyuma ya ukuta huu. Akikohoa, akikoroma, akigombana na redio. Nilimzoea. Ilikuwa kama bado tupo. Nikasema sawa, mimi simpati, lakini hakuna anayempata. Kisha akaja huyu na penseli yake, nikamsikia Nereida anacheka. Mimi nilikuwa mumewe miaka kumi na sita, sijawahi kumchekesha namna ile. Wanasukuma zile kuta, kraa, kraa, halafu anacheka. Nikasogeza kabati ili nisikie vizuri. Ndipo nikaziona nati."

"Ukaona wamekuja kujifunga kwenye ukuta wako."

"Kwangu mimi! Hawakuniuliza hata!"

"Yanisley alikwambia nini pale foleni?"

Ovidio aliuweka mkono wake juu ya mkate, akauacha hapo.

"Kwamba Leandro hayupo. Amekwenda kutafuta bawaba. Kwamba anataka kuyatundika mapazia kabla mamake hajarudi sokoni, amshtue."

"Nawe ukajua."

"Nilimwambia akae anishikie foleni."

"Hukumwambia asipande."

"Ningemwambia kwa nini? Angeuliza kwa nini. Watu wote wale wamesimama, wananitazama. Tomasa na mbwa wake. Ningesema nini, kwamba mimi, mtu mzima, kwa ajili ya mwanamke aliyeniacha..."

"Ni hatua hamsini," Zoraida alisema. "Alikuwa anatembea taratibu, na mzigo. Ungemfikia mlangoni."

"Najua."

"Mbele yako walikuwa wamebaki watu wangapi?"

"Wanne. Walipobaki watatu nikasikia kishindo."

Zoraida aliandika, akaweka tarehe na saa. Leandro hangelala ndani, na mlango wa barabarani haungepigwa lakiri. Alimgeuzia karatasi Ovidio atie sahihi, naye akaichukua kalamu bila kubishana.

Hapo ndipo sauti ya Nereida ilipopita kwenye matundu mawili ya ukutani, karibu sana, kama amekaa nao mezani. Alikuwa amesikia yote.

"Ovidio," alisema. "Nilikuwa na Yanisley alfajiri. Tangu azinduke anauliza jambo moja tu, nami sikumwelewa mpaka sasa hivi. Anauliza kama baba amekasirika, kwa kuwa ulimwambia akae foleni, naye hakukaa."